Karatasi ya Kwihara

SEHEMU YA KWANZA

Bibi alikuwa na bati la biskuti ambalo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikaa juu ya kabati, nyuma ya Msahafu na chupa ya asali ya nyuki wadogo iliyokuwa dawa yetu ya kikohozi. Kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, alilishusha, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akalirudisha mahali pake bila kulifungua.

Mimi nililifungua nikiwa na miaka tisa, adhuhuri moja ya Oktoba, Bibi akiwa amekwenda kuuza maandazi. Nilikuwa na hakika kwamba ndani mna rupia ya dhahabu. Kila mtoto wa Tabora amekua na habari za rupia zile. Mwaka 1916, vita vimewabana na sarafu zimewaishia, Wajerumani waliigeuza karakana ya reli pale mjini kuwa kiwanda cha fedha, wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yakauteka mji. Sisi watoto tuliamini kwamba dhahabu iliyobaki ilifukiwa chini ya miembe, na kwamba Bibi alikuwa ameshafukua yake.

Nilikuta karatasi. Moja tu, imekunjwa mara nne, imeviringishwa kipande cha kanga kuukuu. Niliikunjua juu ya mkeka. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, kingo zimeliwa na wadudu, na haikuwa na neno hata moja. Niliigeuza upande wa pili. Nikaiinua dirishani, jua likapenya kama linavyopenya jani kavu la tumbaku. Tupu.

"Ina majina hiyo."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, beseni bado kichwani. Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alitua beseni, akaichukua karatasi kwa mkono wake wa kulia, mkono ambao kidole chake cha kati kilikuwa kimekauka, hakikunjiki, tangu alipoungua na mafuta utotoni. Kidole kile kilibaki kimenyooka na kuinuka kidogo juu ya vingine hata alipokuwa akikanda unga.

"Mbona haina kitu, Bibi?"

"Nimekwambia ina majina," alisema, akaikunja kwa makunjo yake yaleyale ya zamani.

Nyumba yetu ilikuwa Kwihara, mwendo wa kama saa mbili kwa miguu kutoka Tabora mjini. Wageni wanaofika huko huja kuliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, huku Stanley akiwa ameshashika njia ya kurudi pwani. Hupiga picha kuta nene za udongo na mlango wa kuchonga, wakaondoka. Sisi tulilijua tembe lile kwa kivuli chake. Tulichokuwa tukisimuliwa nyumbani ni habari za wapagazi: watu waliobeba mzigo wa frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Babu yetu mkubwa alikuwa mmoja wao, Mnyamwezi wa Unyanyembe, muungwana aliyebeba pembe kwa ujira. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo tulivyojitapa shuleni.

Neno moja kuhusu jina la Bibi, maana litahitajika mbele. Lilikuwa jina geni. Halikuwa la Kinyamwezi, halikuwa la Kiarabu, na sijawahi kukutana na mtu mwingine mwenye nalo. Watu wengi hawakulijua kabisa, walimwita Mama Maandazi. Ameniomba nisiliandike, nami sitaliandika.

Baba alikuwa karani wa mizigo stesheni. Alijaza vitabu vikubwa kwa mkono: namba ya behewa, uzito, mwenye mali, kituo cha kushushia. Ni yeye aliyenitajia neno kompyuta kwa mara ya kwanza, na alilitaja kama mtu anayeeleza habari ya msiba. Wizara ya Fedha ilikuwa na mashine hiyo tangu miaka ya sitini, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. "Kwa hiyo," Baba alisema akinoa penseli, "hesabu za Tabora zinatoka kwenye kidole hiki." Nilimpenda sana Baba kwa maneno yale, ingawa maisha yangu yote yamekuja kwenda upande wa pili wa marufuku hiyo.

Mwaka 2002 niliingia kidato cha tano Shule ya Wavulana Tabora, madarasa yaleyale aliyosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937. Kompyuta ya kwanza niliigusa mjini, kwenye kibanda cha intaneti. Ukurasa mmoja ulichukua muda mrefu kufunguka hata mwenye kibanda akatuachia funguo, akaenda kununua karanga, akarudi, akaukuta bado uko nusu. Nusu ile ilinitosha. Mwaka 2005 nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea sayansi ya kompyuta kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na usiku wa kwanza programu yangu ilipokubali kupanga majina elfu moja kwa alfabeti, niliketi nikiyatazama yakipita kwenye kioo, nikamkumbuka Bibi na ukurasa wake mtupu.

Nilipomaliza nilipata kazi ya ufundi wa mitandao hapohapo Dar. Nilikuwepo Julai 2009 mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulipowashwa, intaneti ya nchi ikaacha kupanda hadi kwenye setilaiti na kurudi. Kisha mkongo wa taifa ukaanza kutandazwa kuelekea bara. Siku moja niliwekewa mezani ramani yake, nikacheka peke yangu: Dodoma, Tabora, Kigoma. Reli ya Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilikuwa imeifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, na sasa mwanga ndani ya uzi wa kioo ulikuwa unaelekea kulekule walikokanyaga wapagazi.

Mwaka uliofuata nilipata ufadhili wa kusoma shahada ya pili Edinburgh. Ombi la kwanza la viza lilikataliwa, la pili likakubaliwa wiki mbili kabla ya masomo kuanza. Nikapanda basi kwenda kuaga.

Bibi hakuniuliza Uskochi ni wapi. Alipanda kwenye kigoda, akalishusha bati, akaniwekea mapajani.

"Wewe ndiwe mwizi wake," alisema. "Nenda nayo."

"Bibi, huko naenda kusoma kompyuta. Karatasi hii—"

"Nasikia huko wanaona visivyoonekana." Alinishika mkono kwa vidole vyake vinne vya moto na kile kimoja kilichokauka. "Ukiweza kuisoma, usimsomee mtu yeyote kabla yangu. Umenisikia, mume wangu? Kabla yangu mimi."

"Kwa nini?"

Alitazama nje, kwenye mwembe ulio karibu na kisima, akakaa kimya hata nikadhani hatajibu.

"Kwa sababu ndipo nitajua kama nilikosa."

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

Edinburgh ilinipokea kwa ngazi. Mji wote ni ngazi za mawe, na upepo unaokaa kila kona ukikungoja. Desemba jua lilitua kabla ya saa kumi jioni, nami nilikuwa nimeshaamka saa kumi na nusu alfajiri kwenda kusafisha ofisi, kwa sababu ufadhili ulilipa ada na chumba, lakini haukumjua mdogo wangu aliyekuwa kidato cha tatu. Nilisukuma mashine ya kufyonza vumbi kwenye korido ndefu, nikibadilisha usafi wa kila ghorofa kuwa madaftari na sare za shule, kisha nikakimbilia darasani mikono ikinuka sabuni.

Nilipozidiwa nilitembea hadi mitaa ya chuo, nikamfikiria Mwalimu Nyerere. Alifundisha St. Mary's Tabora kuanzia 1946, akaja hapa mwaka 1949, akaondoka na shahada yake mwaka 1952. Alivaa koti la aina gani Januari? Nani alimwandikia kutoka nyumbani? Mambo hayo ndiyo niliyotaka kujua, na kwenye vitabu vyake sikuyakuta.

Kila Jumapili nilimpigia Bibi. Mama mdogo alimshikia simu.

"Umekula?"

"Nimekula, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huko kuna baridi?"

"Kuna baridi."

"Vaa." Kisha, kabla hajairudisha simu: "Na ile?"

"Bado, Bibi."

Nilikuwa nimechagua kusomea uchakataji wa picha kwa kompyuta. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya kazi za hospitali, picha za eksirei na mfano wake. Karatasi ilikuwa ndani ya bahasha, chini ya godoro.

Novemba 2011, nikiwa nimeshamaliza shahada na kupata kazi ya kuandika programu kwenye maabara ya picha za nyaraka, watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki walitoa hadharani jambo lililotufanya sote tuache tulichokuwa tukifanya. Walikuwa wameisoma shajara ya Livingstone ya mwaka 1871. Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, karatasi zimemwishia na wino umemkaukia. Akachukua gazeti kuukuu la London, The Standard, akaandika kukatiza maandishi yake, kwa wino aliokamua kwenye matunda ya mmea wa pale. Baada ya miaka 140 wino ule ulikuwa umepauka hata jicho halikuona ila gazeti.

Walichofanya kinaelezeka kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la wazee. Ukurasa mmoja unapigwa picha nyingi, kila picha kwa rangi yake ya mwanga, kuanzia mwanga ulio ng'ambo ya zambarau, ambao jicho haliuoni, hadi ule ulio ng'ambo ya nyekundu, ambao nao jicho haliuoni. Kila picha ni shahidi. Wino wa gazeti ni wa masizi: chini ya mwanga wa ng'ambo ya nyekundu unabaki mweusi tii. Wino wa matunda, chini ya mwanga huohuo, unatoweka kabisa. Basi una shahidi mmoja aliyeona vyote viwili, na mwingine aliyeona kimoja tu. Kompyuta inawasikiliza wote kwa pamoja, inatafuta pale wanapotofautiana, na katika tofauti hiyo mwandiko wa mtu unainuka.

Na mwandiko huo ulisema nini! Julai 15, 1871, siku ya soko, watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya halaiki ya wauzaji, wengi wao wanawake waliokuja na samaki na vyungu vyao. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Nilisoma usiku kucha. Nyangwe niliijua tangu utoto kama jina la mwisho kwenye orodha ya vituo: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Nyangwe. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa akiishi huko kabla ya njia kufika.

Wiki hiyohiyo nilipata jina jingine, Jacob Wainwright. Alikuwa kijana aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Uhindini, akawa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani. Njiani aliandika shajara yake mwenyewe. Aprili 1874 alisimama miongoni mwa wabeba jeneza katika kanisa la Westminster, London. Kisha akarudi, na mwaka 1892 akafia Urambo. Urambo! Mjomba wangu analima tumbaku Urambo. Nimepita pale mara ngapi, juu ya tela la tumbaku, bila mtu kunionyesha hata jiwe?

Asubuhi nilimpelekea bahasha Profesa wa maabara yetu. Alikuwa mama wa makamo, Mskochi, mwenye tabia ya kugusa karatasi kwa mgongo wa kidole, kama anayepima homa ya mtoto.

"Ya nani?" aliuliza.

"Ya bibi yangu."

Alingoja hadi wenzetu walipotoka kwenda kula. Tukailaza chini ya kamera, tukazima taa za chumba. Zambarau. Buluu. Kijani. Manjano. Kwenye kioo changu ukurasa uliendelea kuwa mtupu, nami nikaona aibu ya kumpotezea mwanamke mwenye shughuli nyingi saa yake ya chakula. Nyekundu. Tupu. Kisha akawasha taa ya mwisho, ile isiyoonekana, chumba kikabaki giza kana kwamba hakuna kilichowaka.

Maandishi yalijaa kioo.

Yalikuwa hafifu, kama vumbi lililotulia juu ya meza, lakini yalikuwa mistari: mmoja, wa pili, wa kumi, yakitoka kulia kwenda kushoto. Hati za Kiarabu. Nilitambua alifu. Nilitambua mimu. Nilikuwa nimeacha chuo cha Kurani nikiwa Juzuu Amma, ili niwahi masomo ya ziada ya hesabu, na mchana ule niliijutia kila dakika niliyotoroka.

Tulimwita mwenzetu kutoka Sudani. Aliinama, akasogeza miwani.

"Juu kuna mwaka. Elfu moja mia mbili themanini na tisa."

Nilipiga hesabu. Mwaka 1289 wa Hijria ulianza Machi 1872. Mwaka huo Livingstone alikuwa Kwihara, ndani ya lile tembe, akingoja wapagazi watoke pwani hadi Agosti. Karatasi hii ilikuwa imeandikwa mwaka ambao yeye alikaa mlangoni pale akitazama miembe yetu.

"Endelea," nikasema.

Alikunja uso. "Hiki si Kiarabu. Herufi nazisoma, maneno siyajui. Mba-ga-zi. Be-mbe."

Nywele zilinisimama. Kiarabu hakina herufi ya p, na makarani wa zamani waliweka b mahali pake, wakamwachia msomaji ajaze kwa ulimi wake. Mpagazi. Pembe. Yule mtu alikuwa anasoma asichokielewa, nami nilikuwa naelewa nisichoweza kukisoma. Tulikaa hivyo, vichwa vimegusana mbele ya kioo, yeye akitoa sauti, mimi nikizivisha maana: mpagazi, pembe moja, posho, kibaba.

Akafika kwenye jina la kwanza, akafungua kinywa.

"Simama!" Nilimshika bega. Usimsomee mtu yeyote kabla yangu. "Samahani, ndugu yangu. Nimeahidi."

Alinitazama, akatikisa kichwa kwa heshima, akatoka. Lakini Profesa hakutoka. Alikuwa amevuta picha, akiikuza pembe moja baada ya nyingine.

"Wino huu ni wa masizi na ulimbo," alisema. "Njoo uone. Wino wa masizi haupauki. Weka karatasi juani, weka gizani, weka miaka mia mbili, utakuwa mweusi vilevile. Adui yake ni mmoja tu."

"Nani?"

"Maji." Aliweka kidole juu ya kioo. "Maandishi haya hayakufifia. Yalifutwa. Mtu alilowanisha mkono akayapangusa, kuanzia hapa kushuka hapa. Unaiona michirizi?"

Niliiona. Mikwaruzo mipana ya kiganja, na kando yake michirizi ya vidole ikishuka ukurasa mzima: cha shahada, cha pete, cha mwisho. Katikati, mahali ambapo kidole cha kati kilipaswa kupita, wino ulikuwa umebaki mzito kidogo kuliko kwingine, mstari mwembamba kutoka juu hadi chini. Kidole kile hakikugusa karatasi. Kilikuwa kimenyooka, kimeinuka juu ya vingine.

Mkono ule niliujua. Ndio ulionilisha uji.

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

Sikumwambia. Jumapili ile aliponiuliza "Na ile?" nilijibu, "Bado, Bibi," nikaendelea kujibu hivyo kwa karibu miaka mitano. Nilijitetea kwa kazi, kwa karatasi za ukaazi, kwa mdogo wangu aliyekuwa ameingia chuo. Ukweli ni kwamba niliogopa kumuuliza mwanamke niliyempenda kuliko wote kwa nini alifuta kitu kisha akakitunza kama yai maisha yake yote.

Juni 2016 Mama mdogo alinipigia siku ya kazi.

"Bibi yako ana mtoto wa jicho. La kushoto limefunga. Daktari wa hospitali ya Kitete anasema la kulia nalo liko njiani, na moyo wake hauruhusu kupasuliwa sasa hivi."

Niliketi palepale kwenye ngazi za ofisi. Katika familia yetu aliyebaki anasoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu alikuwa mmoja tu, na dirisha lake lilikuwa linafungwa.

Nilikata tiketi ya wiki mbili. Usaili wangu wa ukaazi ulikuwa umepangwa Jumatatu inayofuata kurudi kwangu. Niliandikiwa wazi kwamba nisipofika, faili litafungwa. Nikachapisha ukurasa ule kwenye karatasi kubwa sita, kila herufi urefu wa kidole, nikaziviringisha ndani ya bomba la plastiki. Dar es Salaam nikapanda treni. Basi lingeniwahisha zaidi, lakini nilitaka kuiona njia.

Zaidi ya siku nzima reli iligonga chini yangu. Dodoma, Manyoni, Itigi, kisha miombo isiyokwisha, mizinga ya nyuki ikining'inia mitini kama magogo yaliyosahaulika. Nilifika Tabora usiku. Baba, mstaafu, alikuwa amesimama palepale alipokuwa akisimama kazini, chini ya saa ya stesheni, akihesabu mabehewa kwa midomo.

Asubuhi nilimkuta Bibi chini ya mwembe wa kisimani, kwenye kiti cha kamba.

"Mwangaluka, mayo," nilimwamkia kwa Kinyamwezi.

Aligeuza uso upande wa sauti. "Mwangaluka, baba." Akanipapasa mashavu. "Umekonda. Huko hamli?" Kisha mkono wake ukagusa bomba la plastiki, ukatulia juu yake. "Umeiweza."

"Nimeiweza, Bibi. Siku nyingi."

"Najua. Ungekuwa hujaiweza, sauti yako ingekuwa inachoka kila Jumapili. Ilikuwa inaogopa."

Nilichuchumaa mbele yake. Nikaushika ule mkono wa kulia, nikaweka kidole changu juu ya kile kilichokauka.

"Hiki hakikugusa," nilisema.

Kuku walipita. Mama mdogo aliacha kutwanga.

"Ilikuwa usiku wa kuamkia ndoa yangu," Bibi alisema. "Mama aliniita jikoni, akanipa karatasi. Akasema, humu mna asili yetu, bibi yangu aliniachia, nami nakuachia. Nikamuuliza, asili gani? Akasema, tulikotoka kabla hatujawa Wanyamwezi. Akalia. Basi nikajua. Ukoo wa babu yako walikuwa watu wa kujiona, mjukuu wangu. Wangepata kusikia kwamba bibi harusi ana asili ya kununuliwa, wangerudisha mbuzi asubuhi ileile. Nikachota maji kwenye bakuli."

"Ulisoma kwanza?"

"Sikusoma." Alisema kwa ukali ambao haukunilenga mimi. "Nilikuwa nimehitimu Kurani, ningeweza kusoma kila neno, sikusoma. Niliifuta macho yangu yakiwa ukutani. Maji yalitoka meusi kama kahawa. Nikayamwaga hapa." Alipiga ardhi kwa kisigino, chini ya mwembe. "Ndipo nikataka kuichoma na karatasi yenyewe, mkono ukakataa. Miaka yote hii nakula embe za mti huu najiuliza nimekunywa nini."

Nilifungua bomba. Mama mdogo na Baba walishika kingo, tukazitandika karatasi sita juu ya mkeka, juani. Bibi aliomba miwani, akaomba na lenzi ya kusomea magazeti iliyokuwa ya babu. Alipiga magoti. Uso wake ulikuwa karibu na karatasi kiasi kwamba pumzi yake iliitikisa. Kwa muda mrefu hatukusikia kitu.

"Mwandiko mzuri," alisema hatimaye. "Karani huyu alifundishwa."

Akaanza. Kidole cha shahada kilitembea kulia kwenda kushoto, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya msichana anayesoma mbele ya mwalimu. Mpagazi, fulani bin fulani, pembe moja. Mpagazi, fulani bin fulani, pembe moja. Mpagazi, ushanga. Penye wino mzito, pale kidole chake kilipoinuka usiku ule wa ndoa, alisoma haraka. Penye wino hafifu alirudi nyuma, akajaribu neno kwa p, akalijaribu kwa b, hadi likakubali. Mimi niliandika kwenye daftari. Jina la nane lilikuwa la babu yetu mkubwa, na baada yake bin, na jina la baba yake, na ujira wake wa nguo. Muungwana. Baba alishusha pumzi kwa nguvu.

Lakini Bibi hakusimama kushangilia. Aliendelea. Wa kumi na mbili. Wa kumi na tano. Wa kumi na sita.

"Wa kumi na saba," alisoma. "Mwanamke. Hana bin, hana binti. Kutoka Nya…" Alirudia. "Nya-ngwe. Nyangwe."

Nikaacha kuandika. Mbele ya macho yangu kulikuwa na gazeti la London na wino wa matunda, na soko la Julai, mwaka mmoja tu kabla ya karatasi hii. Sikusema neno. Sikuwa na haki ya kulisema kabla yake.

Kidole kilisogea hadi kwenye jina. Bibi alilisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akalisoma tena. Kisha akalitamka kwa sauti, polepole, na Baba akageuka kana kwamba kuna mtu amemwita mama yake.

Lilikuwa jina lake. Lile jina geni, lisilo la Kinyamwezi wala la Kiarabu, ambalo shuleni walimcheka nalo hata akawa anaona heri aitwe kwa maandazi yake.

"Nilifuta jina langu," alisema.

Mama mdogo alianza kulia. Bibi alimnyamazisha kwa kiganja, hakumtazama. Lenzi ilikuwa bado juu ya karatasi ya sita, pembeni kabisa, chini ya mstari wa kumi na saba, mahali nilipodhani ni alama ya maji. Aliisogeza. Akaifuta kwa kanga, akairudisha.

"Kuna maneno madogo hapa. Karani ameyabana." Akasoma neno moja moja, akingoja kila moja lithibitike. "Na… mtoto… wake. Mgonjwa. Ameachwa… Ujiji. Kwa…" Hapo ukurasa ulikuwa umeliwa.

Hakuna aliyesogea. Mfukoni mwangu simu ilitikisika: shirika la ndege, likinikumbusha kuthibitisha safari ya Jumamosi.

Bibi alivua miwani, akaikunja, akaishika kwa mkono wake wa kulia, kidole kimoja kikiwa kimenyooka kuelekea magharibi ambako reli inapotelea miomboni. Akamgeukia Baba, yule karani wa mizigo aliyehesabu mabehewa ya njia hii maisha yake yote.

"Mwanangu," alisema, "treni ya Kigoma inapita saa ngapi?"

ITAENDELEA